Kisu cha Tatu Juu ya Sinki

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Kipimo alitandika kitambaa chenye unyevu juu ya meza ya jikoni, akapanga visu vitatu ubavu kwa ubavu, akafungua fomu. Fomu ilitoka kwa mtunza stoo. Ilikuwa na safu nne: aina ya chuma, ukali, uimara, na maoni mengine. Hiyo safu ya mwisho ilikuwa na upana wa vidole viwili.

Jiko lilikuwa la kantini ya idara ya barabara na madaraja. Wafanyakazi mia na ishirini walikula hapo kila mchana, na visu vya zamani vilikuwa vimenolewa mpaka vimekwisha, vyembamba kama majani. Mtunza stoo alikuwa ameazima vipya vitatu kwa wauzaji watatu. Alitaka vijaribiwe mpaka Ijumaa, halafu idara iagize arobaini vya aina moja kwa ajili ya kantini zake zote.

"Usiniandikie kizuri, kibaya," alimwambia Kipimo. "Niandikie chuma."

"Chuma mimi nakijulia wapi?"

"Wewe kata. Utaona mwenyewe."

Kipimo alikuwa mpishi mkuu, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa sababu hata chumvi aliipima kwa kijiko, kisha akapitisha kidole juu kuondoa iliyozidi. Alipenda mambo yanayopimika. Tangu mdogo wake afariki, miaka miwili nyuma, aliyapenda zaidi.

Kisu cha kwanza kiling'aa kama kioo. Kilikuwa cha chuma kisichoshika kutu, chepesi mkononi, na muuzaji alikibandika karatasi inayosema kitadumu maisha. Kilikata nyanya vizuri kwa robo saa. Baada ya hapo kikawa kinaziponda. Cha pili kilikuja ndani ya sanduku lenye kitambaa laini. Chuma chake kilikuwa kigumu kiasi kwamba tupa iliteleza juu yake bila kuacha alama. Kilipita kwenye kitunguu kama kwenye hewa, kisha kikagusa mfupa wa paja la ng'ombe, kikamomonyoka kipande kidogo kama jino la mtoto. Kipimo alikitafuta kipande hicho ndani ya nyama mpaka akakipata, akakifunga kwenye karatasi kiwe ushahidi.

Cha tatu hakikuwa na sanduku wala karatasi. Kilikuwa kirefu, cheusi cheusi, na kwenye bapa lake kulikuwa na mistari iliyosokotana kama nywele zilizosukwa. Aliyekitengeneza ni fundi mmoja wa mtaa wa wahunzi, wanamwita Cheche, na alituma maagizo kwa mdomo: kisilale kwenye maji, kikishaoshwa kifutwe, kiachwe kwenye hewa. Kipimo alikata nacho limau, kikaota doa la buluu. Alikata karoti kilo kumi, kabichi nane na nyama yote ya siku, na mwisho wa kazi kilinyoa vinyweleo vya mkono wake kama asubuhi. Akakifuta, akakilaza juu ya sinki kubwa, ncha ukingo huu, mpini ukingo ule, kipate hewa. Chini yake sinki lilikuwa limejaa maji na sufuria zilizorowekwa. Akaenda zake nyumbani.

Jumanne saa moja na dakika ishirini asubuhi, mwanamume mwenye baiskeli alipita juu ya kisu. Alitokea upande wa ncha, akiisukuma baiskeli taratibu kama mtu anayeogopa kuteleza, akavuka sinki, akashukia upande wa mpini. Alikuwa na kimo cha mtu mzima, na kisu kilikuwa na urefu wa kisu. Kipimo alijaribu kulinganisha vipimo viwili hivyo, vikakataa kulingana, akaacha.

"Samahani mama," alisema yule mwanamume. Suruali yake ilikuwa inachuruzika maji. "Ng'ambo ndiyo hapa?"

"Hapa ni kantini."

"Lakini ni upande wa mjini?"

"Ndiyo."

"Basi nimefika. Nimechelewa kazini."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwosha vyombo, mwanamke ambaye akisema neno ujue amekereka, aliangalia maji yaliyotapakaa sakafuni, akafuata dekio.

"Watu wengine bwana," alisema. "Hata kujikung'uta."

Kipimo alimjua yule mwanamume kwa sura. Picha yake iliwahi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na za wengine kumi na wanane, baada ya daraja la waenda kwa miguu kukatika, asubuhi, saa moja na dakika ishirini. Picha ya mdogo wake ilikuwa safu ya chini, ya mwisho kulia. Kamati ya uchunguzi iliandika kwamba daraja lilikuwa zima kabisa. Watu ndio waliojazana. Tangu hapo hapakuwa na daraja. Watu wa ng'ambo walizunguka kwa barabara kuu, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na wasioweza kutembea hivyo, kama mama yake Kipimo, walibaki ng'ambo.

Aliichukua fomu. Kwenye safu ya uimara, mbele ya kisu cha tatu, akaandika: Kinabeba.

Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinganisha, Jumatano hakukiweka hicho peke yake. Saa moja na robo alilaza kisu cha kwanza juu ya sinki, akasimama akiangalia saa ya ukutani. Hakuja mtu. Akakiondoa, akaweka cha pili. Ilipofika saa moja na dakika ishirini, kiatu kimoja cha kike kilitokea kwenye ncha, kikakanyaga kidogo, kikabonyeza kama mtu anayepima godoro, kisha kikarudishwa. Kipimo akaweka cha tatu. Wakapita wanne mfululizo, wote wamelowa, wa kwanza akiwa ni mwenye kile kiatu.

"Kile kingine kingetuvunjikia," alimwambia Kipimo, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ahsante kwa kubadilisha."

"Mmebaki wangapi huko?"

"Kumi na wanne."

"Yupo dada mmoja ana mfuko mwekundu?"

"Yule mwongeaji? Yuko nyuma kabisa." Mwanamke akakamua upindo wa sketi yake ndani ya sinki. "Tunavuka kwa mpangilio ule ule tuliosimama."

Kipimo alikaa juu ya gunia la viazi. Hakujua afurahi au aombe radhi, wala aombe radhi kwa nani. Vitunguu vilikuwa havijakatwa bado, kwa hiyo hakuweza kuvisingizia machozi yake.

Mchana, baada ya sahani ya mwisho kuoshwa, alivifunga visu vitatu kwenye aproni akaenda mtaa wa wahunzi. Cheche alikuwa mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua nusu. Hakuuliza anataka nini. Alivichukua visu, akawasha jiwe la kunolea la umeme, akagusisha kisigino cha kila kimoja, kidogo tu, ili Kipimo aangalie moto unaoruka.

Cha kwanza kilitoa cheche chache, nyekundu, fupi, zikafa karibu na jiwe. "Hiki kimeumbwa kisishike kutu," alisema Cheche. "Basi. Kingine hakijui." Cha pili kilitoa moto mwingi uliojazana sehemu moja. "Huyu mgumu. Ananoleka vizuri, lakini hajui kupinda. Mtu asiyejua kupinda, siku yake ikifika anavunjika." Cha tatu kilirusha cheche ndefu, nyeupe, kila moja ikipasuka mwishoni na kuwa nyota ndogo nyingi. Cheche alikishika ncha, akakipinda kama upinde, akakiachia. Kikarudi kilivyokuwa.

"Hii ndiyo feleji," alisema. "Inashika makali na inavumilia uzito."

"Umeitoa wapi?"

Akampeleka uani. Palikuwa na gurudumu la mbao la kuzungushia kamba, kubwa, linamfika Kipimo begani, na juu yake kamba ya chuma nene kama mkono wa mtoto, bado ina grisi ya kiwandani. Kwenye mbao paligongomewa bati dogo: idara ya barabara na madaraja, daraja la waenda kwa miguu, kamba kuu. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu kabla ya daraja kufunguliwa.

"Naikata vipande, naitia motoni, naiponda nyaya zake zinashikamana," alisema Cheche. "Ile mistari kwenye bapa ndiyo nyaya zenyewe. Mali mpya hii, mama. Haijawahi kuning'iniza hata shati."

"Imefikaje kwako?"

"Nilinunua kwenye mnada wa chuma chakavu. Hapo hapo idarani kwenu."

"Sasa lile daraja lilining'inizwa kwa kamba ipi?"

"Nitajuaje? Labda kwa kamba kuukuu." Cheche alijikuna nyusi. "Mama, mimi nauziwa chuma. Siuziwi habari zake."

Kipimo alirudi akiwa amekumbatia aproni. Njiani aliwaza kukitupa kisu cha tatu kwenye mtaro, kwa sababu kile ndicho chuma ambacho kingemshikilia mdogo wake na hakikumshikilia. Akatembea hatua kumi. Akawaza kwamba akikitupa, mdogo wake atavukia wapi? Akatembea hatua nyingine kumi. Alifika kantini hajui ashike lipi aache lipi, akakilaza kisu juu ya sinki, ncha ukingo huu, mpini ukingo ule.

Uani mwa kantini alimkuta mwanamume wa baiskeli amekaa kwenye benchi pamoja na wale wanne. Jana yake alikuwa amefika kazini kwake, ghala la unga, akaambiwa nafasi yake ina mtu. Akasema sawa, akarudi. Wenzake nao waliambiwa hivyo hivyo. Mwanamke mwenye sketi alikuwa karani wa posta. Pale alipokuwa akikaa sasa pana mashine.

"Jioni tutarudi makwetu," alisema. "Kisu usikiondoe tu."

Na ilipofika saa kumi na moja jioni walivuka kurudi, wakipandia mpini.

Alhamisi Mhandisi Mkuu alishuka jikoni mapema. Alikuwa na mazoea ya kunywa chai ya kwanza hapo, amesimama, kwa sababu ya ofisini ilimfikia imepoa. Wale watano walikuwa wameshapita, na nyuma yao walikuwa wanavuka wapya saba. Mhandisi alisogea pembeni kuwapisha, akaitikia salamu zao, akainua kikombe kisigongwe. Wa saba alipotoka mlango wa nyuma, Kipimo alijikaza.

"Mhandisi, hiki kisu ni cha kamba za daraja."

Mhandisi alikiinua, akakifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya chini.

"Kweli," alisema. "Hizi ndizo zenyewe. Nilizichagua mimi, mama. Nililinganisha aina tatu, karibu mwezi mzima, hii ikazipita zote mbali."

"Mbona hazikufungwa?"

"Zilikuwa nzuri kupita ile kazi. Watu wa miguu wana uzito gani? Tukaona wafungiwe zilizokuwepo. Hizi zikaandikwa chakavu, zikaenda."

"Walikufa watu kumi na tisa."

"Ripoti imeshafungwa, mama yangu." Alilisema kwa upole, kama mtu anayekujulisha kwamba duka limefungwa na mwenye duka ameshaondoka. Kisha akaonyesha dirisha kwa kidevu. Kule uani wale kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, maji yanadondoka chini ya kila mmoja. "Na wewe mwenyewe unaona. Wanaendelea vizuri."

Kipimo alichukua fomu. Alikuwa na maneno mengi, yote yalikuja mlangoni kwa pamoja yakazuiana. Mwisho akauliza, "Haya niyaandike wapi?"

"Kwenye maoni mengine," alisema Mhandisi. Akaweka kikombe, akagusa makali kwa ubavu wa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kisu safi sana hiki."

Kipimo aliandika kwenye upana wa vidole viwili. "Kamba za daraja" yalienea. "Ziliuzwa" yalienea kwa shida. "Mdogo wangu" ilibidi yapande juu ya mstari, yakaingiliana na safu ya uimara, na mtu asiyejua angeyasoma kama sifa ya kisu.

Ijumaa aliwahi kuliko siku zote. Kumi na wawili wa mwanzo walipita wakimsalimu kama jirani. Kisha wakaja saba wa mwisho, na wa nyuma kabisa kati yao alikuwa mdogo wake, mfuko mwekundu begani, anaongea na mgongo wa mtu aliye mbele yake.

"Dada!" alisema, kabla hajashuka. "Mbona umenenepa hivyo?"

"Na wewe mbona umelowa?"

"Si ni hili daraja. Limecheza kidogo, nikajishika." Akaruka chini, akaangalia jiko, masufuria, saa ya ukutani. "Nimechelewa sana?"

Kipimo, aliyepima kila kitu, alisema, "Kidogo."

Alimshika mashavu. Yalikuwa baridi kama sahani zilizolala kabatini. Alimmiminia chai ya moto, na chai ilipoa papo hapo mkononi mwa mdogo wake, naye akainywa hivyo hivyo, akasema imezidi majani. Aliuliza habari za mama. Kipimo akasema mama yuko, magoti ndiyo yanamsumbua, na tangu njia ikatike wanaonana kwa simu. Mdogo wake akasema atamwona jioni. Kisha akaenda kazini, kwa dobi, akarudi baada ya nusu saa.

"Pale wanauza simu," alisema. Akakaa uani na wenzake. Mwosha vyombo aliwapelekea kitambaa kikavu na kuwaambia wapokezane.

Saa kumi na moja jioni mtunza stoo alikuja na boksi la kukusanyia visu. Alikuta foleni ya watu kumi na tisa mbele ya sinki, akaweka boksi chini, akakunja mikono, akangoja. Mdogo wake Kipimo alikuwa wa mwisho kupanda. Kipimo alitaka kumwambia neno, lakini neno lenyewe lilitegemea kisu kitakuwa wapi Jumatatu, na hilo hakulijua.

"Nimsalimie mama?" mdogo wake aliuliza, akiwa katikati ya bapa.

"Msalimie."

Mtunza stoo alichukua fomu na visu viwili. Cha tatu akakiacha. "Mhandisi amesema hiki kibaki mpaka Jumatatu," alisema. "Kuna barua inaandikwa."

Kipimo alikaa siku mbili nyumbani akipika na kumwaga chumvi kwa mkono tu. Simu ya mama yake haikupatikana.

Jumatatu mdogo wake alivuka na nywele kavu zilizosukwa vizuri, mistari midogo midogo.

"Mama amenisuka," alisema. "Hakuniuliza kitu. Aliniambia tu nivue viatu vyenye maji nisimlowanishie mkeka. Kisha akalala, dada. Akalala mpaka nikamwamsha mimi. Anasema leo nisichelewe kurudi, atapika."

Kipimo alimsikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye kisu. Nyuma ya mdogo wake walikuwa wanakuja watu ambao viatu vyao vilikuwa vikavu. Mwanamke mwenye beseni la mayai. Fundi mwashi na pimamaji yake kwapani. Wasichana wawili wa sare, mwalimu mmoja, mzee anayekwenda kliniki na kadi yake mkononi. Hawa walikuwa hai. Waliona wenzao wanapita, wakapanga foleni, na foleni ilirudi nyuma kule kwenye ncha hadi Kipimo asione mwisho wake.

Ndipo mtunza stoo alipoleta barua. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, ina mhuri. Kisu cha tatu kimekubaliwa, viagizwe arobaini. Kwa kuwa wananchi wa ng'ambo sasa wana mahali pa kuvukia, ujenzi wa daraja jipya umeondolewa kwenye mpango wa mwaka huu na wa mwaka ujao. Kivuko kitasimamiwa na mpishi mkuu. Likitokea lolote juu ya kisu, mwenye kujibu ni msimamizi. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa sahihi.

Kipimo aliisoma mara mbili. Mara ya pili ilimchanganya zaidi.

"Nisiposaini?"

"Kisu kinaenda stoo, kinafungiwa."

"Na daraja linajengwa?"

"Daraja limeshaondolewa, mama. Ukisaini, usiposaini."

"Sasa mimi nitajibu nini likitokea lolote?"

Mtunza stoo alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Hilo hawakuandika," alisema.

Kipimo aliangalia uani. Mdogo wake alikuwa amefika kwenye benchi, anamwonyesha karani wa posta jinsi alivyosukwa, anageuza kichwa huku na huku. Mwenye beseni la mayai alikuwa amesimama katikati ya kisu, mguu mmoja mbele, akingoja, na nyuma yake foleni nzima ya watu ilikuwa imesimama naye. Kisu kilikuwa kimeanza kutikisika kidogo upande wa mpini, pale palipolala juu ya bati la sinki.

Kipimo alichukua kalamu, akaweka karatasi ukutani, akatia sahihi. Mtunza stoo aliupuliza wino ukauke, akakunja barua, akashukuru, akaondoka nayo.

Kisha Kipimo alifunga aproni vizuri, akaenda kwenye sinki, akashika mpini kwa mikono miwili, akatanua miguu, akawaambia wapite. Uzito wao aliusikia hadi kwenye viwiko.